Ukurasa wa Kulia

Daftari langu la kusomea fasihi ni kaunta buku ya kwaya mbili, ya tangu kidato cha tatu. Mgongo wake nimeubandika kitambaa mara mbili. Ukurasa wa kushoto ni wa kitabu: nani kasema nini, kwenye ukurasa wa ngapi. Wa kulia ni wangu. Hapo nauliza, nabisha, namwandikia mhusika barua, nachora njia aliyopita siku ya mkasa.

Shuleni tulisoma riwaya huku mtihani ukitukimbiza. Dhamira, ujumbe, falsafa, tamathali za semi, vyote vilikuwa tayari kwenye kijitabu cha uchambuzi kilichokwisha kupita mikono kumi. Uchambuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya wake ni kwamba uliwahi mno. Ulinikuta bado sijaguswa na chochote, ukanieleza nilichopaswa kuhisi.

Tulikuwa na *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada, na mama yao anauza chakula Dar es Salaam. Kijitabu kiliandika "umaskini", kikafunga mjadala. Mimi ukurasa wangu wa kulia ulikuwa mtupu. Jumamosi nikatoka nyumbani Levolosi, Arusha, na daftari kwapani, nikaenda soko la Kilombero, nikakaa kwenye benchi la mama lishe na kuagiza wali maharage.

Nikaandika nilichokiona. Mbeba mizigo alipakuliwa upawa uliojaa, mimi nusu, kisha mama akanitazama sare yangu iliyopauka, akaniongeza mchuzi. Sahani zilipita beseni la sabuni, zikapita la kusuuzia ambalo maji yake yalishageuka rangi. Kufika saa nane akasimama na upawa mkononi, macho kwenye sufuria, hatikisiki. Nikaandika: "Amechoka." Jioni nikakirudia kitabu, na kwa mara ya kwanza yule mama wa riwaya alikuwa na mikono.

Kazi hii ya kuandika pembeni mwa maneno ya mwingine ina wazee wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840, mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na akayatilia maelezo: hili lilimlenga nani, neno lile lina maana gani. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akaichapisha diwani. Kila nikimfikiria Sikujua namwona amekaa na shairi la mtu mwingine, akilijibu pembeni. Bila maelezo yake, mafumbo mengi ya Muyaka leo yangekuwa kufuli zisizo na funguo.

Kwa hiyo sioni daftari la msomaji kuwa kazi ya kitoto. Ni kazi ya mkono, nayo ina adabu zake. Andika ungali moto, kabla hujauliza wenzio wamesemaje. Weka tarehe. Usifute ulipokosea; ukirudi baada ya miaka, jibu kwa wino wa rangi nyingine. Langu sasa lina bluu, nyeusi na kijani, na kuna kurasa ambazo watu watatu wanabishana, wote mimi.

Mwaka jana nilimwazima daftari hili binti wa jirani, ambaye mama yake naye anauza chakula. Alikaa nalo wiki nzima, akalirudisha limefungwa kwenye gazeti lisichafuke. Usiku, mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu na baridi imeshuka mtaani, nikaanza kulipekua. Kwenye ukurasa wa kulia, chini ya lile neno langu la siku ya Kilombero, palikuwa na mstari mmoja wa penseli, mwandiko mdogo ulionyooka:

"Hajachoka. Anahesabu sahani zilizobaki."