Pongezi kwa Mafundi wa Breki za Dramu

Mwenye Land Rover ya zamani, Series II au III fupi, akilalamika kwamba gari halisimami, wengi humshauri abadilishe afunge diski. Fundi wa kweli hana haraka hiyo. Dramu huipeleka kwa mkerezaji isawazishwe, kisha hugeukia viatu: hung'oa laini zilizochakaa, hupiga mpya kwa ribiti ambazo vichwa vyake vimezama, na huzisaga hadi mviringo wake ulingane na wa dramu. Hapo ndipo anapostahili pongezi. Laini mpya inayogusa sehemu ndogo tu hupata moto upesi, na breki hupotea mteremkoni ingawa vifaa vyote vimetoka dukani jana.

Wapo wanaoihamishia Land Rover fupi breki za ile ndefu, ya 109: dramu za inchi 11 badala ya 10, mbele silinda mbili kila gurudumu, viatu vyote vikivutwa na mzunguko vijikaze. Gari likirudi nyuma breki hizo hupungua nguvu, lakini nani hukimbia kinyumenyume?

Nawavulia kofia zaidi wanaofuta vumbi la breki kwa kitambaa chenye maji badala ya kupuliza. Vumbi la laini za zamani huweza kuwa na asbesto.