Maitu Njugira: Mchezo Uliobaki Vinywani mwa Watazamaji

Mwishoni mwa Desemba 1593, Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose mjini London, aliandika daftarini mapato ya mchezo wa historia ulioitwa Buckingham. Maneno ya mchezo huo yamepotea, hesabu ikabaki. Tunajua ulichezwa lini na fedha zilizoingia, ila hatujui watu waliguswa na nini.

Hapa Nairobi mambo yalikwenda kinyume. Maitu Njugira, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o wenye nyimbo tele za jamii mbalimbali za Kenya, ulirejea miaka ya 1920 na 1930, enzi za kipande (kitambulisho cha lazima) na sheria za kazi za wakoloni. Kundi la Kamĩrĩĩthũ, wakazi wa Limuru, lilipaswa kuufungua katika Ukumbi wa Taifa tarehe 19 Februari 1982. Kibali hakikutoka, na milango ikafungwa.

Walichofanya baadaye ndicho kiini cha uchambuzi huu. Walirudi Chuo Kikuu cha Nairobi, walikokuwa wakijizoeza, wakaendelea na mazoezi, na umma ukaingia kutazama. Ngũgĩ alikadiria mazoezi kama kumi na watu wapatao 10,000 kabla ya chuo nacho kuamriwa kuwafungia milango. Tarehe 12 Machi polisi walibomoa jukwaa la Kamĩrĩĩthũ.

Mazoezi hayana tiketi, na pasipo tiketi hakuna daftari la mlangoni. Hiyo 10,000 ni makadirio ya mwandishi mwenyewe, nayo tuipokee hivyo. Lakini mtafiti kutoka Uswidi, Ingrid Björkman, aliwatafuta waliotazama, akawauliza walielewa nini, kisha akachapisha kitabu mwaka 1989. Kumbukumbu hupunguza na kuongeza, kweli. Hata hivyo ushahidi huo unafika pale ambapo shilingi za Henslowe haziwezi kufika: unaonyesha watu walioiona Kenya ya siku zao ndani ya mchezo wa enzi za mkoloni. Kwangu mimi, huo ndio uzito wa tamthilia, na ningeuchagua kuliko daftari la mapato.

Vikundi vinavyoigiza uwanjani katika mitaa ya Nairobi kama Kianda na Kawangware, bila mlango wala tiketi, viko katika hatari ileile ya kusahaulika. Ndugu zangu, jioni ileile ya onyesho andikeni tarehe, mahali, waigizaji na nyimbo, kisha waulizeni watazamaji wawili watatu walichokiona, na majibu yao myahifadhi.