Mlango wa Nyuma wa Maabara

Binti aliyepangiwa Kilakala, shule ya wasichana chini ya milima ya Uluguru, akianza kidato cha tano kwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), huikuta kemia ikimsubiri mezani. Bureti imesimama wima, pipeti imeoshwa, chupa zina lebo. Aliyeandaa keshaingia chumba cha nyuma.

Huyo ni fundi sanifu wa maabara, na kazi yake huanzia kwenye mizani. Gramu 4 za sodiamu haidroksaidi katika lita 1 ya mmumunyo hutoa mola 0.1. Kwa maneno ni rahisi. Ila vipande hivyo vyeupe hunyonya unyevu wa hewa. Ukizubaa kidogo vinang'aa kana kwamba vimetoka jasho, na uzito unaousoma si wa vipande pekee. Basi fundi hupima upesi, hufunika, kisha huujaribu mmumunyo kwa asidi mwenyewe kabla mwanafunzi hajaugusa. Asidi kali nayo humiminwa ndani ya maji, taratibu. Ukigeuza, huchemka na kukurukia usoni.

Kipindi kikiisha, vyombo vya darasa zima vinamsubiri yeye. Huoshwa kimoja kimoja, maana mabaki kidogo tu huharibu majibu ya kesho.

Tone moja la asidi likigeuza njano ya kiashiria cha methili oranji kuwa rangi ya chungwa, binti hushangilia, na mwalimu husifiwa. Ukipita shule uliyosomea kemia, gonga mlango wa nyuma wa maabara umsalimie fundi.