Kifuniko cha Saa Tano Usiku

Video ya mama aliyefungua mashine ya kutotoleshea vifaranga kabla ya wakati sote tumeiona. Imepita kwenye simu za wafugaji wa Kampala wiki nzima, kuanzia Kawempe hadi Makindye, kwa hiyo sina haja ya kuisimulia mwanzo mpaka mwisho. Nitasimama palepale ambapo nnyabo, mama huyo mwenye mashine, anaweka mkono kwenye kifuniko, saa tano usiku, siku ya 20, anasema anawaonea huruma vifaranga, kisha anafungua. Vifaranga wale waliuawa na uamuzi huo. Nimesikia watu wakilaumu mayai, wengine jogoo, wengine umeme. Mayai yalikuwa mazima, mishipa ilionekana vizuri kwenye mwanga, na umeme usiku ule ulikuwapo.

Nimpe haki yake: alichagua mayai masafi ya kienyeji, akayageuza mara tatu kwa siku, akayamulika siku ya 7, akaacha kuyageuza siku ya 18, na umeme ulipokatika wiki ya pili aliifunika mashine kwa blanketi bila kuifungua. Kazi nzuri. Ndiyo maana mwisho wake unauma.

Sasa tuhesabu saa. Tobo la kwanza lilionekana saa kumi jioni. Hadi anafungua kifuniko, zilikuwa zimepita saa saba tu. Aliyewahi kukesha na mashine anajua kwamba kutoka tobo la kwanza hadi kifaranga kutoka, saa 12 ni mapema na saa 24 ni kawaida. Kifaranga aliyetoboa ganda saa kumi jioni humpekui saa tano usiku. Unalala, unaamka, unachungulia kwenye kioo, unakwenda kunywa chai yako.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wanaona kifaranga ametulia, wanadhani amechoka. Hajachoka. Kabla ya tobo hilo alikuwa amekwisha kupasua utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa, kule upande butu wa yai, na hapo ndipo mapafu yalipoanza kazi. Kabla ya hapo alikuwa anapata hewa kupitia mishipa iliyotanda chini ya ganda lote. Hewa ya kile chumba inapochafuka, msuli mnene wa nyuma ya shingo unashtuka, kile kijino cheupe kwenye ncha ya mdomo kinagonga ganda, tobo linapatikana. Kisha anatulia. Katika utulivu huo mambo mawili makubwa yanakamilika: damu iliyobaki kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovu, kisha kitovu kinafunga. Kiini hicho ndicho akiba yake ya siku mbili hadi tatu za mwanzo. Ndicho kinachowezesha kifaranga wa siku moja kusafirishwa kwenye boksi kutoka Kampala hadi Mbarara bila punje wala tone la maji, akafika anaruka.

Rudini kwenye video, muiangalie polepole. Ukucha wa kidole gumba unanyanyua kipande cha kwanza cha ganda, hakuna kitu. Unanyanyua cha pili, na kwenye utando mweupe unatokea mstari mwembamba mwekundu, mfano wa uzi. Sauti ya jirani inasikika: "Nnyabo, acha, ni damu hiyo." Jirani yule aliona sawasawa. Uzi ule ni damu ya kifaranga ambayo bado ilikuwa njiani kurudi mwilini. Hapo hata aliyekosea angeweza kusimama, akafunga, akaokoa nusu ya kazi. Yeye akapangusa kwa pamba, akaendelea. Kifaranga akatoka na kiini kinaning'inia kwenye kitovu, kikubwa kama harage. Mlango ule wa kitovu ukiwa wazi, vijidudu vinaingia: tumbo linavimba, kitovu kinabaki kibichi, kinatoa harufu, na kwa kawaida siku ya tatu au ya nne kifaranga hayupo. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna glukosi iliyoweza kubadilisha hilo.

Wanaomtetea wanasema vifaranga walikuwa wanalia. Kweli, walisikika. Lakini sauti ile ndani ya ganda ni mawasiliano. Margaret Vince, mtafiti wa Cambridge, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba vifaranga wa kware husikiana wakiwa bado ndani ya mayai, na sauti zao huwasaidia kutoka kwa wakati mmoja. Ukisikia mlio, furahi na ukae mbali.

Na kosa halikuishia kwa yule mmoja aliyebanduliwa ganda. Wakati wote huo wa kupangusa na kubandua, kifuniko kilikuwa wazi na mayai mengine yamelala humo. Hewa ya usiku wa Kampala ina nyuzi 19 hivi. Hata uchukulie imejaa unyevu kabisa, mvua inanyesha, ukiipasha hadi nyuzi 37.5 unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 34, wakati siku tatu za mwisho zinataka asilimia 65 hadi 70. Ongeza kwamba mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako yai linapoteza maji haraka kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Ule ukungu kwenye kioo uliotoweka mara tu kifuniko kilipopanda ulikuwa ndio uhai wa yale mayai mengine. Utando ukikauka unabana mwili, unageuka kahawia na kukakamaa kama ngozi ya ngoma, na kifaranga mwenye nguvu zake zote hawezi kujizungusha akate ganda. Asubuhi tuliwaona: midomo nje, wamenata.

Hapa niwaambie mafundi wetu wa Katwe. Mashine zenu ni imara, joto linakaa, bei inafikika. Lakini bado mnatengeneza mashine ambayo ili kuongeza maji ni lazima ufungue kifuniko. Tobo moja ubavuni na kipande cha mpira kinachofika kwenye sinia la maji, basi, mtu angemimina kutoka nje. Na kioo kiwe kipana. Mtu asiyeona vizuri atafungua tu.

Wapo waliototolesha mayai bila kioo, bila kipimajoto, bila umeme, na hawakuwa na haraka hii. Wamisri walikuwa na majengo ya matofali ya udongo, yanayopashwa moto wa samadi na majani makavu, yakiangua maelfu ya mayai kwa mkupuo. Fundi alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho, akajua kama joto limezidi au limepungua. Mfaransa Réaumur alipoandika kitabu chake cha kutotolesha mayai mwaka 1749, alieleza jinsi watu wa kijiji cha Berma, kwenye delta ya Nile, mto huu huu unaotutoka pale Jinja, walivyoilinda elimu hiyo kama mali ya ukoo. Wale walikuwa mafundi.

Na kwetu walikuwapo kina jjajja, bibi zetu. Koo akianza kuatamia, jjajja alimtafutia kikapu chenye nyasi kwenye kona ya giza, akakataza watoto kusogea. Siku za mwisho hakuna aliyeruhusiwa kumnyanyua kuku. Tangu kuku aina ya Kuroiler waletwe Uganda mwaka 2010, katika mradi wa Profesa Jagdev Sharma wa Arizona State University pamoja na kituo cha taifa cha vinasaba vya mifugo cha Entebbe, tumepata nyama na mayai mengi, na sikatai faida yake. Ila kuku huyo hapendi kuatamia. Kizazi kilichoanza ufugaji na yeye hakijapata kumtazama koo akikaa kimya juu ya mayai yanayolia, asinyanyuke.

Je, kuna wakati wa kusaidia? Upo, na ni mwembamba. Zikipita saa 24 tangu tobo na hakuna kilichosogea, utando umekauka na kubadilika rangi, au kifaranga ametoboa upande uliochongoka, hapo chukua yai moja tu na funga mashine mara moja. Chumba kiwe na joto. Lowesha utando kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, mulika uone mishipa, kisha bandua vipande vidogo upande wa chumba cha hewa peke yake. Ukiona tone la damu, acha, zungushia kitambaa kibichi chenye joto, rudisha kwenye mashine. Miguu aitoe mwenyewe.

Aliyetoka dhaifu, mwache akauke ndani ya mashine, usimkimbize kwenye bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, akiwa na maji. Kitovu kibichi kipakwe ayodini, kiini kinachoning'inia kisivutwe wala kukatwa. Akisimama, mchovye ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo au glukosi, ajifunze kumeza; usimmiminie kooni, yataingia kwenye mapafu. Bruda iwe na nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na ukitumia sigiri ya mkaa acha hewa ipite, moshi wake unaua usiku mmoja. Gazeti, ambalo nnyabo naye alilitandika, liondoeni kabisa siku za kwanza: linateleza, miguu inatanuka kama herufi V iliyopinduliwa. Tandika gunia au kitambaa kikavu. Aliyekwisha kutanuka miguu, mfunge utepe laini wa plasta kutoka mguu hadi mguu, upana wa kawaida wa kusimama, siku mbili au tatu. Wengi hurudi sawa.

Kwa wenye mashine nyumbani, ninaomba hivi: siku ya 18, baada ya kugeuza mara ya mwisho na kujaza maji, bandikeni utepe juu ya kifuniko na muandike tarehe ya siku ya 21. Mpaka tarehe hiyo ifike, asifungue mtu.