Azimio la Arusha na Tafsiri Yake

Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha, chini ya Mlima Meru, tangu tarehe 26 hata 29 Januari 1967. Na tarehe 5 Februari maandishi yaliyotokana na mkutano huo yakatangazwa. Yaliandikwa kwa Kiswahili, kisha yakafasiriwa kwa Kiingereza, na ni kwa tafsiri hiyo wageni wengi waliyapima. Yafaa basi kutazama ni nini kilichobadilika njiani.

Neno la kwanza ni "azimio" lenyewe. Katika Kiswahili, mtu aliyeazimia amekwisha kufunga nia, hata kama hajamwambia mtu. Tafsiri iliyaita maandishi yote kwa neno la Kiingereza lenye maana ya tamko. Lakini katika sehemu ya tano, yenye masharti ya viongozi, ilitumia neno jingine, lenye maana ya uamuzi. Tamko hutimia likisikiwa. Azimio hutimia likitendwa. Msomaji wa Kiingereza alipewa la kwanza mlangoni, la pili akalikuta mwishoni.

Neno la pili ni "ujamaa". Mzizi wake ni jamaa, watu wa ukoo mmoja, na Nyerere alikwisha kulieleza hivyo mwaka 1962. Tafsiri ililiwekea neno lililokuzwa Ulaya katika ugomvi wa wenye viwanda na wafanyakazi. Mgeni akasoma habari za matabaka. Mwenyeji akasoma habari za nyumba moja na chungu kimoja.

Hata hivyo, si haki kuilaumu tafsiri peke yake. Neno la nyumbani nalo lina hatari yake, maana hupendwa kabla ya kuchunguzwa. Jamaa humwita jamaa. Hamhamishi kwa amri. Kuishi vijijini kulipofanywa kuwa lazima mwaka 1973, utamu wa neno ulisaidia kufunika ukali wa jambo. Tena Februari 1991, CCM ilipolegeza masharti ya viongozi, uamuzi huo nao ukaitwa Azimio, la Zanzibar. Jina likabaki, masharti yakaondoka.

Jengo la mkutano ule wa Arusha sasa ni makumbusho. Mwanafunzi wa lugha afikaye huko na ayasome maandishi hayo kwa lugha zote mbili, kwa kuwa kila moja husema lile ambalo nyingine imelinyamazia.