Hodi ya Namba 15

Amri yenyewe inaitwa kill, yaani ua, lakini fundi mzuri wa seva huitumia kama mtu anayebisha hodi. Ukiipa namba ya mchakato bila nyongeza yoyote, inapeleka ishara ya 15, TERM: programu inaombwa ihifadhi kazi yake, ifunge faili zake, iondoke yenyewe. Inaweza hata kukataa. Iko pia ishara 0, ambayo haimfikii mtu. Inauliza tu kama mwenyewe yumo.

Mtazame fundi huyo seva ikiwa imelemewa na simu zinaita. Hana haraka. Kwanza anatafuta namba ya mchakato. Wengi wetu tulianza kwa kuchuja orodha ya ps kwa grep, tukashangaa kuikuta grep yenyewe kwenye majibu, kama mpelelezi aliyejiandika miongoni mwa washukiwa. Wakongwe walikuwa na ujanja wao: herufi ya kwanza ya jina unaitia kwenye mabano ya mraba, [n]ginx, na grep inapita mbele ya kioo bila kujiona. Mimi naupenda ujanja huo kuliko dawa yake rasmi, pgrep, iliyokuja na Solaris 7 mwaka 1998 pamoja na pacha wake, pkill.

Tena pgrep ina vituko vyake. Kwenye Linux hulinganisha herufi 15 za kwanza tu za jina la mchakato; lililo refu zaidi utalikosa mpaka uongeze -f, ili isome mstari mzima wa amri. Na hiyo -f ni wavu wenye matundu madogo mno: itamzoa hata jirani aliyefungua faili lenye jina hilo ili alihariri. Kwa hiyo fundi anaandika pgrep -af, anasoma mstari kwa mstari, na akisharidhika ndipo anaandika pkill -f.

Namba 9 anaiacha mwisho kabisa. Hiyo, programu haiisikii. Kerneli inaikata palepale, na kazi ambayo programu ilikuwa haijaihifadhi imepotea.

Halafu kuna zombi, ambaye hata 9 haimgusi, kwa kuwa amekwisha kufa na anasubiri mzazi wake apokee taarifa ya msiba. Fundi hahangaiki na maiti. Anaiomba ps namba ya mzazi, anambishia hodi huyo kwa 15. Mzazi akiondoka, mchakato namba 1 kwa kawaida ndio unaorithi yatima wake, na kumzika marehemu.