"Yaani", "Nini" na "Donc": Kero ya Maneno ya Kujazia katika Mazungumzo ya Base Camp, Nakivale

Kero dhidi ya maneno ya kujazia ina msingi. "Yaani", tuliyoirithi kutoka Kiarabu, huahidi ufafanuzi. Inaporudiwa mara tatu bila ufafanuzi wowote kufuata, msikilizaji huchoka kwa haki. Hata hivyo, lawama hii huvuka mpaka inapofika Base Camp, katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Hapo wakimbizi wa Kongo, Burundi na Rwanda hukutana kwa Kiswahili, na Mkongo husema "donc" pale Mtanzania angesema "yaani". Kumcheka kwa hilo ni kuhukumu atokako, si ufasaha wake.

Athari kubwa zaidi hujitokeza katika mahojiano ya kuomba hadhi ya ukimbizi. Anayesema "tulivuka ule, nini, ule mto" anatafuta jina la mto. Hana shaka kwamba aliuvuka. Mkalimani akiifuta "nini" hiyo, hasara ni ndogo. Akiitafsiri kwa maana ya "labda", amemfanya shahidi aonekane hana hakika na maisha yake mwenyewe.

Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Inapendekezwa, basi, kwamba mafunzo ya wakalimani wa Mbarara na Nakivale yafundishe kazi za maneno haya kabla ya kufundisha namna ya kuyakemea.